Kisu Kilipompita Shemeji

Nilimkata shemeji yangu mkono siku ya sikukuu, mchana kweupe, mbele ya wageni ishirini na wawili wenye sahani mapajani. Wapo wanaosimulia kwamba nilikuwa nimelewa. Sijawahi kuonja pombe. Wapo wanaosema ni wivu, eti mdogo wangu ameolewa na mimi nimebaki kuolewa na bucha. Hao nawaachia midomo yao, itachoka yenyewe. Nilichofanya nimekifanya, na mahakamani nitakisema hivihivi. Kinachoninyima usingizi ni kingine, kilichotokea nusu saa kabla ya hapo, na hicho hakikutoa hata tone la damu.

Sisi ni watu wa bucha. Babu alikata nyama, Baba akakata nyama, na vidole vya Baba vilipoanza kukakamaa mimi mtoto wa kwanza nikashika gogo na mizani. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Mtaani wananiita Shoka, na si kwa sababu ya lile la kupasulia mifupa tu. Hasira zangu ziko karibu, nakubali. Anayenifuata ni Debe, mdogo wangu wa kiume, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujapata kufungwa tangu azaliwe. Wa mwisho ni Kitinda. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka sita, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwogesha, nikamsuka, nikakesha naye alipougua surua. Wakati mwingine akinikasirikia huniita mama, halafu anajirekebisha.

Nyumbani kwetu, siku ya sikukuu, mikono yetu inapumzika. Mwaka mzima tumekata. Siku hiyo hatugusi kisu mbele ya wageni. Paja la ndama linaokwa kwenye tanuri la jirani yetu mwoka mikate, watu wawili wanalileta juu ya ubao, linawekwa katikati ya sebule, na anayekata ni mkwe wa nyumba. Baba anamkabidhi kisu, mpini ukiwa mbele. Mkwe anakata kipande cha kwanza, anampa mke wake, watu wanapiga makofi, ndipo tunakula. Ni mambo yetu wenyewe, sijaona jirani mwingine akifanya hivyo, lakini mtaa mzima unajua maana yake. Mkwe akipitwa na kisu, amefukuzwa. Ilitokea mara moja nikiwa mtoto, kwa mume wa shangazi yangu. Aliinuka bila kula, na hatukumwona tena.

Mume wa Kitinda anafundisha udereva, na kila mtu anamwita Mwalimu. Ni mtu wa shati lililonyooshwa na sauti ya chini. Mwanafunzi akizimikiwa na gari katikati ya makutano, honi zikilia kila upande, yeye anamwambia, "Taratibu. Pumua. Anza upya." Nusu ya madereva wa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake na wote wanamsifu. Baba alimpenda kuliko alivyompenda Debe, na Debe mwenyewe alisema ni haki.

Asubuhi ya sikukuu Kitinda alifika mapema kunisaidia jikoni. Alimenya vitunguu akiwa ameinama upande mmoja, kama aliyebeba ndoo ya maji. Mimi nimepokea ng'ombe walioangukiana kwenye lori miaka yote hii. Ubavu uliovunjika naujua mnyama akiwa bado anatembea. Nilifunga mlango wa jikoni, nikampandisha blauzi bila kumwomba ruhusa. Ubavu wa kushoto wote ulikuwa umevilia damu, mahali peusi, mahali pa manjano. Maana yake kipigo kimoja kilikuwa cha juzi na kingine kilikuwa kinaanza kupona.

"Ni Mwalimu?" nikauliza.

"Shusha blauzi, dada."

"Nakuuliza, ni Mwalimu?"

"Sasa nani mwingine?"

Nikaenda kwenye kabati la visu. Kitinda akaniwahi, akajibana na mlango wa kabati kwa mbavu zilezile, mpaka machozi yakamtoka kwa maumivu.

"Leo nisikilize mimi," akasema. "Nimeshapanga kila kitu. Saa kumi anapanda basi, anaenda kumsalimia mama yake. Nitamwambia nabaki kukusaidia kuosha vyombo, nitamfuata kesho. Akishaondoka tu, saa kumi na moja na mimi naondoka, upande mwingine kabisa. Kuna rafiki yangu muuguzi amenitafutia chumba na kazi ya usafi huko kwao. Mwalimu hapajui. Kinachotakiwa ni aondoke hapa ameshiba, moyo wake mweupe. Akikasirika hataondoka peke yake. Ataniambia twende wote, na tukifika tunakofika ataniua. Ameshasema, dada. Na huyu akisema, hufanya."

"Debe naye ajue."

"Debe akijua, mtaa umejua. Baba naye akijua atapasuka moyo. Usimwambie mtu. Mchekee. Acha apewe kisu akate nyama yake kama kila mwaka. Wageni wanaingia saa saba, basi ni saa kumi. Masaa matatu tu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Niangalie machoni."

Nikamwangalia. "Nitaweza, mdogo wangu."

Niliahidi kwa moyo wangu wote. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu watu wanadhani mwenye hasira hana nia njema.

Saa saba wakaanza kuingia. Debe alisimama mlangoni akimpokea kila mgeni kwa maneno yake ya kejeli. Mama Mdogo alikuja na mto wake wa kukalia, kwani viti vyetu anasema vimetengenezwa kwa ajili ya adui. Fundi viatu, mpangaji wetu wa chumba cha uani, alikuja amevaa viatu visivyofanana na akachekwa mpaka akaomba maji. Mwalimu aliingia na kreti ya soda begani, akaitua, akamkumbatia Baba, kisha akanigeukia.

"Shemeji! Leo umependeza. Nani kakuudhi?"

"Wewe hapo, kwa kuchelewa," nikamjibu.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Saa nzima ya kwanza nilijikaza. Nilimpa kiti kizuri, nikamwongezea soda, nikamuuliza habari za mama yake. Kitinda alipita na sahani akanigusa mgongoni kidogo, kama kusema vizuri, endelea hivyohivyo.

Kisha Mwalimu akaanza utani. Akamvuta Kitinda, akamkalisha kwenye mkono wa kiti chake, akamzungushia mkono kiunoni. "Huyu nikimwachia usukani," akawaambia wageni, "tutaokotwa mtaroni wote." Kicheko kikajaa sebule. Vidole vyake vilikuwa juu ya ubavu wa kushoto, na niliviona vikibonyeza, taratibu, kama mtu anayepima embe kama limeiva. Kitinda alicheka pamoja na wengine. Jasho lilimtoka juu ya mdomo na hakulifuta.

Niliingia jikoni, nikauma taulo. Nikarudi.

Saa nane na nusu paja lililetwa. Baba akainuka, akanyoosha vidole vyake vilivyopinda, akasema, "Mwaka huu mimi nitakiangusha. Kisu atakabidhi mkubwa wenu." Wageni wakanishangilia. Nikakichukua kisu juu ya ubao. Mwalimu alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya shati. Alipomaliza mmoja niliona vifundo vya vidole vyake. Vilikuwa na magamba, ngozi mpya inataka kuota. Nyuma yake alisimama Kitinda, na macho yake yaliniomba waziwazi, mtu yeyote angeweza kuyasoma.

Zilibaki hatua nne na saa moja na nusu. Nikapiga hatua nne. Nikampita. Nikamshikisha kisu fundi viatu, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa karanga.

"Mwaka huu atakata fundi," nikasema.

Hata Debe alinyamaza. Mwalimu alisimama na mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine haujakunjwa. Akanitazama, akatabasamu, akaushusha ule uliokunjwa, akafunga kifungo.

"Hakuna neno, shemeji," akasema. "Zamu ni zamu."

Nitasema ukweli wote: nilifurahi. Nilimwona amevuliwa nguo mbele ya watu na nikaona hiyo ni haki imetendeka. Fundi alikuwa anaikata nyama kama anavyokata soli, vipande vinene upande mmoja, na mimi nikawa nacheka kwa sauti, namwelekeza, nagawa sahani. Baba akanishika kiwiko. "Umefanya nini wewe?" Nikamwambia nitamweleza baadaye. Sikumtafuta Kitinda kwa macho. Sikutaka kuonana naye.

Sauti ya Mwalimu ikatoka koridoni, ya upole kama kawaida. "Mke wangu, njoo unioneshe koti langu lilipo." Makoti ya wageni yalikuwa chumbani kwangu. Kitinda akaweka sahani chini. Alinipita karibu kabisa. Nilimwona akienda. Mama Mdogo akasema nyama haina chumvi, na mimi niliyeziona zile mbavu kwa macho yangu nikaenda jikoni kuleta chumvi.

Jiko na chumba changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Nilikuwa nimeinua mkono kufikia rafu niliposikia.

"Kwa hiyo mmepanga. Unabaki kuosha vyombo, siyo? Ndiyo maana dada yako kapata kiburi leo."

"Hatujapanga kitu, nakuapia."

"Taratibu. Pumua. Jibu upya."

Halafu pigo. Miaka yote hii nimesikia mfupa ukipigwa juu ya mbao, na ile sauti haina mfano wake. La pili likafuata kabla kopo la chumvi halijafika sakafuni.

Alikuwa amefunga komeo. Niliugonga mlango kwa bega mara moja, mara mbili, mara ya tatu ukang'oka na bawaba. Alikuwa amemkamata Kitinda nywele za kisogoni, anamgonga upande wa kichwa kwenye chuma cha kitanda, bila haraka, uso umetulia kabisa. Damu ilikuwa inatoka sikioni. Nikachukua stuli iliyokuwa karibu na mlango nikamshushia mgongoni. Akamwachia Kitinda, akageuka, akanipiga mdomoni kwa ngumi iliyonyooka, na meno mawili yakaenda kwenye koo. Niliyameza. Nikamrukia. Tukaanguka juu ya makoti, akanishika mkono wa kushoto akakunja vidole viwili kwa nyuma mpaka vikalia. Nikamng'ata bega, nikahisi shati likipasuka na ngozi ikifuata. Akanipiga kichwa, nami nikampiga goti. Kioo cha kabati kikatumwagikia wote wawili, na tukaendelea kupigana juu ya vigae hivyo, mimi nikipiga kelele na yeye akiwa kimya kabisa muda wote.

Debe aliingia, akaona damu ya Kitinda. Alimnyanyua Mwalimu kwa ukosi na mkanda akamburuta koridoni, akamrusha sebuleni. Akaangukia ubao wa nyama. Meza ikapinduka, sahani zikavunjika, wageni wakapanda juu ya viti, fundi viatu akakitupa kisu kama kimemuunguza. Kisu kikateleza chini mpaka karibu na mkono wa Mwalimu.

Alikiokota. Akainuka nacho, ametapakaa mchuzi, akaelekea koridoni, ambako Kitinda alikuwa anatoka akishikilia ukuta. Hakuelekea kwangu wala kwa Debe. Nikamkata njia. Alifyeka kwa kisu mara moja, kikanichana kifuani juu ya titi, si kwa kina. Hakujua kushika kisu. Nilimkamata kifundo cha mkono, nikakigonga kwenye ukingo wa meza iliyolala, kisu kikadondoka, nikakiokota mimi.

Hapo hakuwa na kitu mkononi. Mwendesha mashtaka atalisema hilo, na ni kweli. Debe alikuwa ameshamshika kwa nyuma, amembana. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nikaunyoosha mkono wake wa kulia, nikapima vidole vinne juu ya kifundo, upande wa ndani, mahali kano zinapopita pamoja, nikakata mara moja. Sikubahatisha. Vidole vyake vikafunguka vyenyewe, na hapo ndipo Mwalimu alipopiga kelele, kelele kubwa, mpaka mwoka mikate akatoka dukani kwake. Damu iliruka mpaka kwenye mto wa Mama Mdogo.

Na sikuwa nimemaliza. Nilimshika kidevu nikamwinua uso, vilevile ninavyofanya kazini. Nilikuwa na nafasi, na mkono wangu ulikuwa umetulia.

"Dada, basi!"

Niligeuka. Kitinda alikuwa amekaa chini koridoni, damu imetoka sikioni imeshuka mpaka kwenye ukosi. Hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa ananitazama mimi, na jicho lenyewe nililitambua. Ndilo alilokuwa akimtazamia Mwalimu mchana wote: la mtu anayekadiria pigo linalofuata litatokea wapi. Kisu kikanitoka. Baba akaja na vidole vyake vilivyokakamaa, akanikalisha sakafuni, akanikumbatia kwa nguvu zake zote mpaka polisi wakaja.

Sote watatu tulipelekwa hospitali moja. Mimi nilishonwa nikapelekwa mahabusu. Mwalimu alilazwa, askari akiwa mlangoni. Wanasema mkono ule hautashika tena usukani, na kwa hilo sijutii hata kidogo. Kitinda alilazwa wodi nyingine. Siku ya tatu muuguzi wa zamu alikuta kitanda chake kimetandikwa, na mtu hayupo.

Nilitoka kwa dhamana baada ya wiki mbili. Debe alinichukua kituoni. Njiani nikamuuliza mara tatu, Kitinda yuko wapi, na mara tatu akasema, "Yuko salama." Nyumbani sebule ilikuwa imesafishwa, viti vimerudi ukutani. Mama Mdogo alinipa chai, akanikatia mkate vipande vidogo kwa sababu ya meno. Alikuwa mwema kwangu, na hakunitazama usoni.

Jioni simu ya Baba ikaita. Alipoona namba alisimama, akaelekea dirishani. Hakufika mbali, sauti iliyotoka kwenye simu ilijaa chumba kizima. Kitinda anaongea kwa sauti kubwa siku hizi, sikio moja halisikii. Alimuuliza Baba kuhusu vidole vyake. Akamuuliza Debe kama bado anachelewa kufungua bucha. Akamtania Mama Mdogo kuhusu mto. Alicheka, na ndipo nilipogundua kwamba kile cha mchana ule hakikuwa kicheko chake, nilikuwa nimekisahau cha kweli.

Nikaweka kikombe chini. Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu," Baba akasema kwenye simu, "dada yako ametoka leo. Yuko hapa."

Kicheko kikakatika. Nilimsikia akipumua.

"Ameumia sana?"

"Anapona."

"Mwambie nampenda," Kitinda akasema. "Mwambie hivyo kweli, Baba, usisahau. Lakini simu usimpe. Na nilipo asipajue, wala wewe wala Debe msimwambie, hata akilia."

"Ni dada yako huyu. Yeye ndiye aliyekulea."

"Najua. Akipajua atakuja kunitetea."

Baba alinitazama, simu ikiwa bado sikioni. Niliendelea kunyoosha mkono kwa muda, halafu nikauweka mapajani.